Virusi na Mwenziwe Ghalani

Gunia la mahindi likifika kutoka nyumbani Kitui au Makueni, sisi wa mjini hushukuru na kuinjika sufuria. Leo nakuomba ulifungue kwanza, uyatazame na kuyanusa.

Mnamo 1958 Daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Ilikuwa saratani ya seli za kinga ya mwili. Mwaka 1964, huko London, Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya seli hizo. Lakini virusi hivyo tunavyo karibu sote, na hatuugui saratani. Vinahitaji mwenzi. Kwa watoto wale, mwenzi huyo ni malaria ya mara kwa mara.

Ukambani kuna ndoa nyingine kama hiyo. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na mwishowe vinaweza kuleta saratani ya ini. Mwenzi wao yumo ghalani: aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka. Wawili hao wakikutana, hatari huongezeka mara nyingi.

Mwaka 2004 sumu hiyo iliwadhuru watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, 125 wakafariki. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa na majirani wazima. Wagonjwa ndio zaidi waliokuwa wameweka mahindi yenye unyevu nyumbani, na virusi vya B vilionekana zaidi miongoni mwao.

Tufanyeje? Kupika hakuiondoi sumu hii, na kukoboa muthokoi huipunguza tu. Anika mahindi juu ya turubai, si mchangani. Kisha tia kiasi pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kandoni mwa chupa, yarudishe juani. Yaliyoota ukungu yatupe. Usimpe ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya homa hii wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo hiyo ilianza mwishoni mwa 2001, kwa hiyo sisi wa zamani wengi hatukuipata. Twende tukapimwe.

Nanyi wanafunzi, mkienda nyumbani likizo, pamoja na mkate na sukari mpelekeeni nyanya turubai.