Kovu lisilouma: kwa nini figo hupotea miaka mingi kabla ya mashine

Mwezi Mei mwaka 2025, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliofanyika Geneva, ulipitisha azimio linalozitaka nchi wanachama kuingiza afya ya figo katika mipango yao ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Kwa wengi habari hiyo ilipita kimya. Hapa studioni tuliisoma mara mbili, kwa sababu kila tunapofungua simu katika kipindi cha afya, swali la figo halikosi. Na karibu kila mara huja kwa sura ile ile: mzazi au ndugu wa mpigaji simu ameambiwa figo zimefeli, anatakiwa aanze kusafishwa damu, na familia inauliza pesa zitatoka wapi.

Ni swali la haki, ila linatufikia likiwa limechelewa, pengine kwa miaka kumi. Ukifuatilia kile ambacho sayansi imegundua kuhusu namna figo inavyoharibika, utaona kuwa sehemu kubwa ya hasara hutokea wakati mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Uchambuzi huu unaeleza hasara hiyo hutokeaje, na kwa nini inapaswa kubadilisha namna tunavyopanga matumizi ya fedha za afya.

Uvimbe usio na homa

Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokadiriwa kufikia milioni moja. Damu hupita humo, uchafu na maji ya ziada hutoka kama mkojo, na protini ambazo mwili unazihitaji, hasa albumini, hubaki. Kisukari kisichodhibitiwa na shinikizo la juu la damu huvibebesha vichujio hivyo mzigo kuliko uwezo wake. Seli zinazoshikilia ukuta wa kichujio huchoka na kubanduka, na albumini huanza kuvuja kwenye mkojo.

Albumini iliyovuja huleta madhara yake yenyewe. Inapopita kwenye mirija midogo ya figo, seli za mirija huifyonza kupita kiasi na kuanza kutoa ishara za hatari. Ndani ya seli hizo kuna protini iitwayo NF-kappa B, inayofanya kazi kama swichi ya kuwasha jeni. Ikiwashwa, seli hutengeneza kemikali za kuwaita askari wa kinga kutoka kwenye damu, hasa seli zinazoitwa makrofaji. Huo ndio uvimbe wa ndani ambao wataalamu huuita inflamesheni. Hauna jipu wala homa. Mtu analala, anaamka, anakwenda shambani kama kawaida.

Makrofaji huja kusafisha na kuponya. Tatizo ni kwamba chanzo hakijaondoka: sukari bado iko juu, na presha nayo bado iko juu. Mwili unaendelea kutoa amri ya kuziba jeraha ambalo kila siku linafunguliwa upya. Mbebaji mkuu wa amri hiyo ni protini iitwayo TGF-beta. Inapozifikia seli zinazoitwa fibroblasti, huzigeuza kuwa viwanda vya kolajeni, malighafi ile ile inayotengeneza kovu mkononi ukijikata na kisu.

Kovu la mkononi halikuzuii kushika jembe. Kovu la ndani ya figo huchukua nafasi ya kichujio na kubana mishipa midogo ya damu. Sehemu ya jirani hukosa oksijeni, nayo hujeruhiwa, na kovu jingine huanza. Ndiyo maana figo inaweza kuendelea kudhoofika hata baada ya chanzo cha kwanza kupunguzwa. Na mwili wa mtu mzima hautengenezi vichujio vipya. Kichujio kilichogeuka kovu kimekwenda.

Walipojaribu kuizima amri yenyewe

Mtu anaweza kuuliza: kama TGF-beta ndiyo inayobeba amri ya kovu, si wanasayansi waizuie tu? Walijaribu. Mwaka 1990, kundi la watafiti wakiwemo Wayne Border na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba kuizuia protini hiyo kwa kingamwili kulipunguza athari za ugonjwa wa figo kwa panya. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini jaribio lililofuata miaka mingi baadaye, kwa wagonjwa zaidi ya 400 wenye kisukari na ugonjwa wa figo, lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu dawa haikuonyesha faida. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017.

Dawa nyingine, bardoxolone, ilikusudiwa kupunguza uvimbe huo wa ndani kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili waliokuwa katika hatua mbaya ya ugonjwa wa figo. Jaribio lake kubwa lilisitishwa mwaka 2012 baada ya kuonekana kwamba waliopewa dawa walipata matatizo ya moyo kushindwa kufanya kazi kwa wingi kuliko wenzao.

Kushindwa huko kulifundisha jambo. TGF-beta ndiyo hiyo hiyo inayotuliza kinga ya mwili isijishambulie, na ndiyo inayosaidia vidonda vya kawaida kupona. Si rahisi kuizima bila kugusa kazi zake njema. Tena, wengi wa waliofanyiwa majaribio hayo figo zao zilikuwa zimeshaharibika vya kutosha. Kovu lilikuwa limeshatangulia dawa.

Dawa zilizofaulu zilianzia juu

Mafanikio yalitokea kwa dawa zinazopunguza mzigo mapema, kabla amri ya kovu haijawa kali. Mwaka 1993 utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza ulionyesha kwamba captopril, dawa ya presha, ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, kuhitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Captopril huzuia mwili kutengeneza homoni ya anjiotensini II. Homoni hiyo hupandisha shinikizo ndani ya kichujio, na pia huchochea NF-kappa B na TGF-beta.

Mwaka 2020 zilikuja habari mbili kubwa. Katika utafiti wa watu 4,304 wenye ugonjwa sugu wa figo, wakiwemo wasio na kisukari, dapagliflozin ilipunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kudhoofika sana au kufeli, au ya mtu kufa kwa ugonjwa wa figo au wa moyo na mishipa. Finerenone, inayozuia homoni ya aldosteroni isichochee uvimbe na kovu, ilipunguza hatari ya figo kuharibika kwa asilimia 18 kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili. Mwaka 2024 ikafuata semaglutide, kwa asilimia 24. Wengi wa washiriki wa tafiti hizo walikuwa tayari wanatumia dawa za zamani za kundi la captopril au losartan, kwa hiyo faida hiyo ni nyongeza.

Lakini hakuna hata moja kati ya dawa hizi iliyothibitishwa kufuta kovu lililokwisha kukomaa. Zote hupunguza mwendo. Zinalinda kilichobaki, na thamani yake inategemea ni kiasi gani kilikuwa kimebaki siku mgonjwa alipoanza kuzimeza.

Mfano tunaoujua Kanda ya Ziwa

Kwa wasikilizaji wetu wa Kanda ya Ziwa, habari ya uvimbe kuzaa kovu haipaswi kuwa ngeni. Kichocho cha mkojo hufanya hivyo hivyo kwa njia yake. Mayai ya minyoo hunasa kwenye ukuta wa kibofu na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Kinga ya mwili huyazingira, uvimbe unakuwa sugu, na kovu huziba mirija. Mkojo hurudi nyuma na kuikandamiza figo. Mtoto akipewa praziquantel mapema, minyoo hufa na madhara mengi yanaweza kupungua. Akifika hospitali akiwa mtu mzima na mirija iliyokakamaa, dawa hiyo hiyo haiwezi kuifungua. Ugonjwa ni tofauti na kisukari, ila hesabu ya muda ni moja.

Kijiti kilichoko kliniki ya wajawazito

Sasa turudi kwenye pesa. Mgonjwa ambaye figo zake zimefeli kwa kawaida husafishwa damu mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Hiyo ni mara 156 kwa mwaka, bila kuhesabu nauli, malazi ya anayetoka wilayani, na siku za kazi za ndugu anayemsindikiza. Upandikizaji wa figo umekuwa ukifanyika nchini tangu mwaka 2017 Muhimbili, na tangu 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Ni hatua ya kujivunia, lakini unahitaji mtu wa kutoa figo na dawa za kumeza maisha yote.

Upande wa pili kuna kijiti cha kupima mkojo. Kila mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito anakifahamu: kinachovywa kwenye mkojo, rangi inabadilika, muuguzi anajua kama kuna protini, ambayo inaweza kuwa dalili ya hatari ya kifafa cha mimba. Baba wa nyumba hiyo hiyo, mwenye presha miaka minane, huenda hajawahi kuombwa mkojo hata mara moja. Hupimwa presha, hupewa vidonge, hurudi nyumbani.

Kijiti kina mapungufu. Uvujaji mdogo wa mwanzo kinaweza kuukosa, na kipimo bora ni kile cha maabara kinacholinganisha albumini na kreatinini kwenye mkojo. Lakini kipimo cha damu peke yake pia hakitoshi, kwa sababu kreatinini inaweza kubaki katika kiwango cha kawaida hadi karibu nusu ya uwezo wa figo uwe umepotea. Miongozo ya kimataifa inataka mgonjwa wa kisukari apimwe vyote viwili, damu na mkojo, angalau mara moja kwa mwaka.

Wapo watakaosema kumpima mtu bila kuwa na dawa ya kumpa ni kumwongezea hofu. Hoja hiyo ina uzito kwa dawa mpya, ambazo bei yake bado ni mlima kwa wengi, ingawa kundi la dapagliflozin liliingizwa na WHO kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021 kwa ajili ya kisukari aina ya pili. Haina uzito huo kwa captopril, enalapril na losartan, dawa za miaka mingi ambazo daktari anaweza kuanza nazo, isipokuwa kwa mjamzito na wengine anaowatambua yeye. Wala haihitaji dawa yoyote kumwambia mwenye albumini kwenye mkojo aache kumeza diclofenac kila mgongo unapouma.

Wengine watauliza kama fedha za vipimo zitolewe kwa wanaosafishwa damu leo. Hapana. Hao wakikosa mashine wiki chache wanakufa, na hakuna azimio la Geneva linaloweza kuhalalisha hilo. Lakini kila mwaka tusiopima, foleni yao inarefuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa mara 156 kwa mwaka kwa kila mgonjwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mjadala wake mara nyingi huishia kwenye swali kama bima italipia kusafishwa damu. Tunashauri liongezwe swali la pili, tutakalowauliza pia viongozi wanaokuja studioni: je, kila mwenye presha au kisukari anayefika zahanati atapimwa mkojo kila mwaka bila kutoa chake mfukoni? Na wewe msomaji, kama una kadi ya kliniki nyumbani, ifungue leo uangalie. Kama hakuna mahali palipoandikwa majibu ya mkojo, siku ukirudi kliniki, omba upimwe.