Mita ipo nguzoni, rimoti ipo ukutani

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya mita za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, umepita haraka mno panapotusumbua sisi wa Kizwite, Sumbawanga. Mita ikiwa juu ya nguzo na rimoti ya kuingizia tokeni ikiwa ndani, zinawasilianaje? Kwa mita nyingi za aina hiyo hakuna waya wa ziada. Rimoti unaichomeka kwenye soketi, na zile tarakimu 20 za tokeni zinasafiri kwenye waya uleule wa umeme. Umeme unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde; ujumbe unapandishwa juu yake kwa makumi ya maelfu ya mizunguko, mita inauchuja na kuusoma. Ndiyo maana chaja ya bei poa, au mashine ya fundi mageti jirani, inaweza kuuvuruga. Na huku mafundi wa kuchomelea wako laini moja na nyumba za watu! Rimoti ikigoma, chomoa chaja zote, hamia soketi nyingine, ingiza tokeni tena. Yuniti zikiisha kabisa soketi haina kitu, kwa hiyo betri za rimoti ziwe nzima. Wazee wengi hawajaambiwa hili, wanalala gizani na tokeni mkononi.

Kuhusu mita janja zinazotuma taarifa kwa waya wa umeme: ujumbe wa aina hii hauvuki transfoma kirahisi, hivyo kila transfoma huhitaji kifaa cha kukusanya taarifa na kuzituma kwa mtandao wa simu. Tafadhali andika zaidi juu ya hilo, maana katika vijiji vingi vya Ufipa mtandao wenyewe ni wa kutafuta mlimani.