Intaneti ya polepole Tabora: Tatizo ni kompyuta, mnara au bahari?

Katika steshenari za Isevya, mjini Tabora, kuna maneno mawili ambayo mteja huambiwa mara nyingi: "Mtandao unasumbua." Anaambiwa hivyo anayechapisha barua, anayejaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na anayetafuta nafasi ya kazi serikalini.

Maneno hayo yanaweza kuwa na maana tatu tofauti. Huenda kompyuta yenyewe imechoka. Huenda mnara wa simu umezidiwa na watumiaji. Au huenda mkongo umekatika baharini, mamia ya kilomita kutoka Tabora. Kila tatizo lina dawa yake, na kila moja lina mtu wake wa kuulizwa.

Kutojua tofauti hiyo kunagharimu. Aliyetoka Uyui, Sikonge au Urambo akaambiwa arudi kesho atalipa nauli mara mbili, na dirisha la maombi halimsubiri. Mwenye kompyuta nyumbani hununua bando la pili wakati la kwanza halina kosa, au hupeleka kompyuta kwa fundi wakati shida iko nje ya nyumba.

Mei 2024 ilitufundisha nini?

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilidhoofika ghafla katika nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi, pamoja na Msumbiji, Malawi na kisiwa cha Mayotte. Chanzo kilikuwa kukatika kwa mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban.

Kwa kawaida mkongo mmoja ukikatika, mawasiliano hupitishwa kwenye mwingine. Safari hii njia mbadala nazo zilikuwa na matatizo. Tangu Februari mwaka huohuo, mikongo kadhaa ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo. Njia ya kaskazini ilikuwa na hitilafu tayari, na sasa ya kusini nayo ikakatika.

Wakazi wa Tabora wanaijua hali hiyo katika historia yao. Mwaka 1871, vita kati ya Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe ilifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini. Alifika, lakini kwa kuchelewa. Mkongo unapokatika, mawasiliano nayo huzunguka, na njia ya kuzungukia ikiwa nyembamba, wote waliohamia huko hubanana.

Umbali wenyewe si tatizo. Burton alitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857. Mwanga unaobeba mawasiliano ndani ya mkongo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni sehemu ndogo sana ya sekunde, hata huwezi kuihisi. Kinachotuchelewesha ni msongamano na kukatika kwa njia.

Pima kabla ya kununua bando

Huhitaji kuwa fundi ili kujua tatizo liko wapi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, zima Wi-Fi kwenye kompyuta, kisha fungua barua au picha iliyohifadhiwa humo. Kama inachukua dakika nzima kufunguka, intaneti haihusiki. Kompyuta ndiyo nzito.

Pili, kama kompyuta ni nyepesi, washa intaneti na ufungue ukurasa mmoja. Kisha fungua ukurasa huohuo kwenye simu yenye laini inayokupa intaneti. Simu ikifungua haraka na kompyuta ikikwama, tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye hotspoti inayoviunganisha. Sogeza simu karibu na kompyuta, zima hotspoti, kisha uiwashe tena.

Tatu, kama simu nayo inakwama, jaribu laini ya kampuni nyingine mahali hapohapo. Ikifanya kazi vizuri, mnara au huduma ya kampuni yako ndiyo yenye shida.

Nne, kama laini zote zinakwama, mpigie mtu wa mkoa mwingine umuulize. Akilalamika pia, tatizo ni la nchi nzima. Usinunue bando jipya na usimlipe fundi. Subiri, ukisikiliza taarifa.

Kuna tahadhari mbili. Usipime kwa ujumbe wa maandishi wa WhatsApp peke yake, kwa sababu maandishi ni mepesi na hupita hata pale ambapo ukurasa wa maombi hauwezi kufunguka. Na kama kurasa zote zinafunguka isipokuwa tovuti moja ya maombi, huenda tovuti hiyo imezidiwa. Hilo hutokea siku za mwisho, wengi wanapoingia kwa pamoja. Jaribu alfajiri au usiku wa manane, au bora zaidi, jaza fomu wiki moja kabla.

Kompyuta iliyochoka

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni za mtumba. Nyingi kati yake bado zina diski ya zamani inayozunguka, na kumbukumbu ya GB 4 au chini ya hapo. Kivinjari cha siku hizi chenye kurasa kumi zilizofunguliwa huweza kuimaliza kumbukumbu hiyo chote.

Kama inatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kila programu inayofanya kazi na inachokula. Ukiona diski imefika asilimia 100 na kubaki hapo, au kumbukumbu imekaribia kujaa, umempata mchawi wako. Funga kurasa usizotumia. Katika dirisha hilohilo, zuia programu zinazojiwasha zenyewe kila unapowasha kompyuta. Hakikisha pia diski haijajaa. Hamishia video na picha za zamani kwenye diski ya nje.

Kama una fedha kidogo ya matengenezo, mwambie fundi abadilishe diski ya kuzunguka aweke SSD. Kwa kompyuta ya zamani, hilo huleta tofauti kubwa kuliko kupiga Windows upya kila baada ya miezi michache. Tabora ina miezi mirefu ya ukame, na vumbi huziba feni ya kompyuta. Ikipata joto sana, kompyuta hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kuisafisha ndani ni kazi ndogo kwa fundi.

Chunga pia programu za wizi zinazonakiliwa kwa flashi. Baadhi hubeba virusi vinavyotumia kompyuta na bando lako bila wewe kuona. Hatari hiyo imeongezeka tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta yenye Windows 10 haizimiki, lakini haipokei tena marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye nyongeza ya muda. Nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kabla ya kununua mtumba, uliza hilo.

Bando linaliwa na nani?

Lalamiko la kawaida ni kwamba bando huisha haraka kwenye kompyuta kuliko kwenye simu. Mara nyingi sababu ni masasisho. Kompyuta ikiunganishwa na hotspoti, hudhani iko kwenye mtandao usio na kikomo. Huanza kushusha mafaili makubwa kimyakimya, na wakati huohuo kurasa zako zinakwama. Unapoteza MB na kasi kwa pamoja.

Fungua mipangilio ya Wi-Fi uliyounganisha, kisha washa sehemu iliyoandikwa Metered connection. Kompyuta itajua kwamba unalipia kila MB na itapunguza kushusha vitu. Lakini usiache masasisho moja kwa moja. Tafuta siku moja kwa mwezi yenye mtandao mzuri uyamalize.

Usichanganye pia vipimo viwili. Bando hupimwa kwa MB au GB, kasi hupimwa kwa Mbps, na ya pili ni ndogo mara nane. Kwa kasi ya Mbps 8, faili la MB 40 huchukua sekunde 40, si sekunde 5.

Nani aulizwe?

Mei 13, 2023, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na kampuni za simu zilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Mwaka huohuo mkongo wa baharini wa 2Africa ulifikishwa Dar es Salaam. Ndani ya nchi upo Mkongo wa Taifa, unaosimamiwa na TTCL. Njia zikiwa nyingi, kukatika kwa moja hakutatutikisa kama Mei 2024.

Lakini minara na mikongo haimalizi kila kitu. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hakuna fundi wala mkongo mpya unaotibu hali hiyo. Huo ni uamuzi wa watu, na swali lake ni la wenye mamlaka.

Kwa tatizo la mnara, lalamika kwanza kwa kampuni yako na uombe namba ya lalamiko. Andika tarehe, saa, mahali ulipo na ulichojaribu. Usiporidhika, peleka lalamiko TCRA ukiwa na namba hiyo. "Mtandao unasumbua" ni lalamiko rahisi kupuuzwa. "Tangu Jumatatu, saa moja hadi saa nne usiku, laini yenu haifungui ukurasa hapa Isevya, na laini nyingine inafungua" ni lalamiko linalodai jibu.