JANI NI MOJA

Katika mkutano wa tawi moja milimani Rungwe tuliulizwa swali: mbona Wachina wana mti wa chai ya kijani nasi hatunao? Ndugu wengi walitikisa vichwa kukubali. Twajibu hapa waziwazi, maana kosa hili lina hasara. Mti huo tunao. Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe, na ile ya katikati iitwayo oolong, zote zatoka katika mchai mmoja.

Wala tusione haya. Wazungu walikunywa chai zaidi ya miaka 200 wengi wao wakidhani ni miti miwili, na bingwa wao wa mimea, Linnaeus, akaipa majina mawili. Ni katika miaka ya 1840 ambapo Robert Fortune, Mskoti, aliingia China akajionea mwenyewe.

Tofauti ni kazi inayofanywa jani likishachumwa. Likipondwa, maji yake hukutana na hewa, nalo hugeuka rangi kama ndizi mbichi iliyomenywa. Atakaye chai ya kijani hulizuia mapema kwa moto: Wajapani kwa mvuke, Wachina aghalabu kwa karai. Atakaye oolong huliacha ligeuke kiasi, kisha hulizuia. Chai nyeupe hunyaushwa na kukaushwa tu. Chai yetu nyeusi hunyaushwa kwa saa nyingi, ikapondwa na kuraruliwa na mashine zenye meno hata ikawa punje, ikaachwa igeuke kabisa, ndipo ikakaushwa. Mashine hizo zilianzia Assam mwaka 1930, na chai yake ni kali, yatoa rangi upesi.

Hatuidharau, ndiyo tunayokunywa kila asubuhi. Lakini tazameni hesabu. Kilo moja ya chai kavu hutaka kilo nne na zaidi za majani mabichi, na mama aliyeamka alfajiri kuchuma hulipwa kwa hayo mabichi. Chai nyingi ya Afrika Mashariki huuzwa kwa jumla mnadani Mombasa, ikachanganywa na za nchi nyingine, ikatiwa katika pakiti zenye majina ya wengine. Bei kubwa huanzia hapo.

Tena hata hayo mabichi hayako salama. Jani lililobanwa guniani hupata joto na kuanza kugeuka lenyewe. Likilala kituoni kwa kuwa gari halikuja, kiwandani huambiwa ni baya, na hasara humwangukia mchumaji, ambaye hakuchelewesha gari lolote.

Kwa hiyo twawataka viongozi wa vyama vya ushirika walete mambo mawili katika mkutano ujao. Saa ya gari iandikwe katika mkataba, na likichelewa mwenye gari alipe. Na kila chama kipeleke vijana wawili wakajifunze kutengeneza chai ya kijani, ambayo kwa kuanzia yahitaji karai, kuni na mikono iliyozoea. Sisi tutakuwapo, na tutauliza.