Kombe la sabuni na miguu iliyolichezea

Nilizaliwa Muthurwa, Nairobi, kwenye landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, mwaka 1951. Baba alikuwa fundi wa loko, na kila Jumamosi mama alifua ovaroli yake kwa mche wa sabuni pale bomba la wote, hatua chache tu kutoka vyoo vya wote. Siku moja baba aliuokota ule mche uliolowa, akaugeuzageuza mkononi, akaniambia: "Hii ndiyo iliyonunua kombe." Nikadhani ananitania.

Kumbe ni kweli. Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni kutoka Widnes, Uingereza, na ndiyo iliyotoa kombe lililogombewa na Kenya na Uganda hapa Nairobi mwaka 1926. Timu zilitoka sare 1-1. Mchezo ukarudiwa, Kenya ikashinda 2-1. Baadaye Tanganyika na Zanzibar zikaingia, na jina la sabuni likaning'inia juu ya mpira wetu hadi 1966. Miaka 40 mizima, Afrika Mashariki ikipigania sabuni!

Simlaumu muuza sabuni. Alitoa fedha yake, akapata tangazo lake. Ninaowalaumu ni sisi. Mwambie kijana yeyote hapa Muthurwa akutajie kikosi cha Arsenal cha 2004, atakimwaga bila kuvuta pumzi, na wa akiba juu. Sasa mwombe mchezaji mmoja, mmoja tu, wa Kenya ile ya 1926. Atakuangalia kama umemdai kodi ya nyumba.

Joe Kadenge angalau tunamjua. Alizaliwa 1935, akachezea klabu ya Maragoli United, kisha klabu ya Abaluhya ilipoundwa 1964, na timu ya taifa, Harambee Stars. Sisi watoto wa landi tulitembea kwa miguu kufuata barabara ya Landhies, tukapita soko la Burma penye harufu ya nyama, hadi uwanja wa City. Nauli hatukuwa nayo, na ya kiingilio tulijua wenyewe tutakavyofanya. Kadenge hakuwa mtu wa mbio sana, ninavyomkumbuka mimi. Alikuwa mtu wa kungoja. Anausimamisha mpira, beki anakuja, naye bado anangoja. Beki akishapita ndipo Kadenge anaondoka, taratibu, kama mtu aliyekumbuka ana safari. Jioni, kati ya mistari ya nyumba, tulipiga mpira wa matambara uliofungwa kamba ya katani, na kila aliyeugusa alijitangaza mwenyewe kwa sauti: "Kadenge na mpira!" Nchi nzima ililijua neno hilo kutoka redioni, hata waliokuwa hawajawahi kukanyaga uwanja.

Mtu huyo huyo, baadaye maishani, aliendesha teksi mjini Nairobi. Si aibu, baba yangu alishinda kwenye grisi miaka 30 na tulikula. Lakini abiria wangapi walilalamikia nauli bila kujua aliyeshika usukani ni nani? Alifariki Julai 2019, akiwa na miaka 84, na mwezi huo huo serikali ya kaunti ikatangaza kuwa uwanja wa City utaitwa kwa jina lake. Jambo jema, ila halikuhitaji kusubiri jeneza.

Na hata hapo tumeanzia katikati. Kadenge hakuuzua mpira wa Kenya. Alipozaliwa, kombe la sabuni lilikuwa na miaka tisa, na kuna watu walioliinua kabla yake, wengine wakicheza pekupeku. Naomba kaunti isimamishe ubao langoni pa uwanja huo, wenye majina ya kikosi cha Kenya kuanzia 1926. Si mnara, ni ubao. Nawe msomaji, kama babu yako aliwahi kuvaa jezi hiyo, kama kuna picha yake imelala sandukuni chini ya shuka, itoe. Andika jina lake nyuma ya picha kwa kalamu, kabla mzee wa mwisho anayemtambua hajaondoka.