Urafiki wa Shule Usiwe Maonyesho ya Umaskini

Wapo watumishi wa elimu wanaoamini kwamba darasa likishaunganishwa kwa video na darasa la Ulaya au Marekani, basi wanafunzi wamekwisha ijua dunia. Imani hiyo ni kasumba, na yafaa ipingwe.

Mwaka 1988 shule 12 za jimbo la New York ziliunganishwa kwa kompyuta na shule 12 za Moscow, wakati mataifa hayo mawili yangali yakielekezeana makombora. Pale hapakuwa na mtoto wa kuhurumiwa. Kila upande ulikuwa na la kuuliza na la kujibu.

Utaratibu unaopendwa na wafadhili wengi siku hizi ni mwingine kabisa. Ratiba hupangwa ng'ambo. Saa tatu asubuhi ya New York, majira ya baridi, ni saa kumi na moja jioni Dar es Salaam; anayebakizwa shuleni baada ya kengele ni mtoto wa Kiafrika, pamoja na mwalimu wake (ambaye posho yake haikumbukwi na mtu). Lugha ni Kiingereza. Kijana wa Mtwara awezaye kueleza kwa Kiswahili safi kazi nzima ya mkorosho, tangu kupalilia hadi mnadani, hugeuka bubu mbele ya kioo. Huulizwa kama kwao kuna maji. Hapewi nafasi ya kuuliza yeye kwa nini sehemu kubwa ya korosho hiyo husafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, wala ni nani anayefaidi.

Watetezi husema Kiingereza ni lugha ya dunia. Na iwe. Je, Bujumbura na Lubumbashi haziko duniani? Huko Kiswahili kinasemwa, na saa zao zimepishana na za Tanzania kwa saa moja tu. Mwanafunzi wa Kigoma anajua nini juu ya mwenzake wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa lile lile anamooga?

Mwalimu mkuu anayeletewa mradi wa namna hii adai maswali ya wanafunzi wake yatangulie, na saa ya kikao ipokezanwe: leo wao wachelewe kutoka, kesho wenzao wadamke. Mfadhili akikataa, aondoke na kompyuta zake.