Asembli Si Anasa

Wapo wenzetu hapa Dzaleka wanaosema lugha ya asembli ni anasa. Mkimbizi ajifunze kutengeneza tovuti apate riziki. Ninapinga. Tovuti inadai intaneti. Kikokotoo cha grafu cha TI-83 Plus kinataka betri nne ndogo tu, na prosesa yake ya Z80 inafundisha nidhamu.

Chukueni mfano wa katizo. Saa ya ndani huisimamisha programu ghafla, rutini fupi ikafanya kazi yake, kisha programu ikaendelea. Rutini ikibadilisha rejista moja bila kuirejesha, programu huharibika mahali pasipo na kosa, leo hapa, kesho pale. Kubahatisha hakusaidii. Punguza rutini ibaki kuhifadhi rejista, kuitikia katizo, kuzirejesha na kurudi. Kisha ongeza mstari mmoja mmoja hadi mkosaji aonekane.

Kompyuta za ofisi za Capital Hill, Lilongwe, nazo zinaendeshwa kwa makatizo. Kwa nini sisi tuishie kuzibofya? Riziki ya kweli humfuata anayejua kutengeneza kilichoharibika. Wahadhiri, wekeni asembli kwenye ratiba.